Regulata ya Mpiga Mbizi Wetu

Fomu ile ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya Kiingereza kitupu, na ililetwa mezani kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karani wa stoo. Pale kituoni kitu chochote kilichokosa mwenyewe kiliishia stoo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kwenye kituo kidogo cha umeme cha mtoni upande wa Korogwe, na stoo yangu ilikuwa na boliti, grisi, mikanda ya mashine, mabuti ya mpira yasiyo na wenzake, na kuku wa mlinzi aliyetagia nyuma ya magunia ya saruji bila kibali changu.

Fomu ilitaka tuchague regulata. Neno lenyewe halikunitisha. Regulata nilikuwa nazo tatu kwenye rafu, za mitungi ya gesi ya kuchomelea vyuma. Nikairudisha fomu kwa mkuu wa kituo, nikamwambia kwa majivuno ya mtu anayejua mali yake, "Mzee, regulata tunazo, tena hazijatumika."

Mkuu akavua miwani. "Hizo ni za kuchomelea. Hii ni ya mtu kupumulia chini ya maji."

Nikarudi nayo stoo. Nilikaa nikaitazama fomu ile kama barua ya posa iliyoletwa nyumba isiyo na binti.

Mtu wa kupumulia chini ya maji alikuwa mmoja tu pale kwetu. Mahali maji yanapoacha mto kuingia kwenye mfereji wa mitambo palikuwa na wavu wa nondo nene, wa kuzuia magogo na takataka. Mvua zikinyesha wavu ulijaa magugu, migomba mizima, pengine mzoga wa mbuzi, na mitambo ikaanza kukosa maji. Hapo milango ya mfereji ilifungwa, na mpiga mbizi wetu akashuka na kamba kiunoni kuung'oa uchafu kwa mikono, kwa kupapasa. Hilo la kupapasa nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilidhani anaona, na sikuwahi kumuuliza.

Kifaa chake cha zamani, chenye mipira miwili minene kama pembe za ng'ombe, walikiacha wakandarasi wa kigeni waliojenga kituo, na mipira hiyo ilikuwa imeoza. Kibali cha kununua kingine nje ya nchi kilikawia mpaka tukakisahau. Kilipotoka kilikuwa cha kitu kimoja, mara moja. Tukikosea hakuna cha pili. Mkuu alilirudia jambo hilo kila aliponiona, hata nikiwa kwenye foleni ya sukari dukani.

Nilimwendea fundi mkuu anifungue macho. Alikuwa mzee wa Kisambaa kutoka Bungu, huko milimani, mtu wa maneno machache na kucha safi kuliko zangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamfungulia kitabu cha picha kilichokuja na fomu. Akanieleza kwa subira. Hewa ya kwenye mtungi imeshindiliwa kwa nguvu ya kupasua kifua cha mtu. Regulata inakaa katikati: kipande kimoja kinafungwa kwenye mtungi, kingine kinaumwa mdomoni, na mpira unaviunganisha. Mtu akivuta pumzi, regulata inampa. Akiacha, inaziba. Na kadiri anavyozama ndivyo inavyopaswa kumpa zaidi, kwa hiyo lazima kile kipande cha mtungini kihisi uzito wa maji.

"Sasa hapo ndipo zinapotofautiana," akasema, akaweka kidole kwenye picha mbili ambazo kwangu zilikuwa kitu kimoja.

Ya kwanza ilikuwa na matundu wazi. Maji yanaingia humo yenyewe, yanaisukuma springi na pistoni kwa uzito wake. Vipande vichache, spana moja, unafungua na kufunga. Ya pili ilikuwa imefunikwa kwa mpira na ndani yake mna mafuta. Maji yanausukuma mpira, mpira unasukuma mafuta, na springi haiguswi na tone. Vipande vingi, vingine vidogo kama punje za ulezi. Chini ya picha ya pili waliandika kwamba ni kwa ajili ya maji ya baridi au machafu.

Nilielewa kila neno la fundi na sikuelewa kitu. Ndivyo nilivyokuwa katika jambo lile zima, tangu mwanzo mpaka mwisho: nikishika upande mmoja, upande mwingine unaniponyoka.

Kikao tulikifanya ofisini kwa mkuu, asubuhi, watu watatu: mkuu, fundi mkuu na mimi wa kujaza fomu. Tuliketi watatu kuchagua pumzi ya mtu wa nne, na hakuna aliyesema aitwe. Alikuwa nje pale pale, anapaka rangi reli za daraja. Tulimwona dirishani.

Mkuu alianza na neno baridi. Kila mtu alilikamata hilo la baridi kwa sababu lilikuwa la kwanza. Je, maji yetu ni ya baridi? Mimi nikasema ndiyo, kwa sababu mwezi wa saba nilipoyanawa asubuhi yaliniuma mifupa. Fundi mkuu akacheka, kitu ambacho hakukizoea. Akasema maji yale kwao Bungu wangempa mama aliyetoka kujifungua aogee. Mkuu, aliyetoka Pwani na kuvaa sweta kuanzia Mei, akasema tusikisie, tupime.

Kipimo cha joto kilikuwa zahanati. Kikaazimwa, kile cha kuweka kwapani, tukakishusha mtoni kwa uzi huku mganga wetu wa zahanati akisimama juu yetu kuhakikisha hatukivunji. Tukangoja. Fundi akakitoa, akakisoma, akakikung'uta, akakirudisha majini, akakitoa tena. Zebaki ilikuwa imelala chini kabisa, haikupanda hata unywele. Kipimo kile kazi yake ni kuhesabu homa, kwa hiyo kilichotuambia ni kwamba mto Pangani hauna homa. Mganga alijua hilo, nadhani, lakini alitaka kipimo chake kirudi salama.

"Andika si baridi," akasema mkuu.

Na kweli halikuwa kosa. Baadaye nilisoma kwamba baridi waliyoitaja ni ile ya maji yanayoganda yakawa mawe, na springi ikaganda nayo. Lakini kwa kusema si baridi, tuliiondoa regulata ya pili kama vile jina lake lilikuwa hilo tu. Nusu ya sentensi iliyobaki, ile ya maji machafu, ilikuwa swali jingine la fomu, na huko ndiko nilikoharibu mimi.

Swali lilikuwa na visanduku vinne, kuanzia maji maangavu mpaka maji mazito kwa matope. Fundi mkuu akasema, bila kufikiri, "Matope. Mto huu ni mchafu."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mimi ni binti wa Handeni, tena Handeni ya ndani. Maji niliyokulia yalikuwa ya lambo, ambalo ng'ombe waliingia kwa upande mmoja na sisi kwa upande mwingine. Mama alikuwa akileta debe, analiacha litulie, kisha anachuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, anachuja tena, na bado chai yetu ilikuwa na rangi kabla ya majani. Nilipofika mto Pangani mara ya kwanza nilitumbukiza mkono nikaviona vidole vyangu vyote vitano. Nililia kidogo, sikuona haya. Nilimwandikia mama kwamba huku maji yanapita bure na mtu anaona vidole vyake. Na sasa mzee huyu, aliyekulia kwenye chemchemi za milimani, anayaita machafu huku anakunja pua.

"Mzee," nikasema, "hayo maji watu wanayanywa."

"Wanayanywa kwa sababu hawana mengine."

"Kwetu yangekuwa maji ya sikukuu."

"Mwanangu, tunazungumzia mashine."

Hilo la mwanangu lilinipandisha hasira. Niliongea muda mrefu. Nilisema mambo ya kweli juu ya maji ya Handeni na hakuna hata moja lililohusu regulata. Mkuu alinisikiliza kwa furaha, maana yeye moyoni alishaipenda ile ya kwanza: siasa ilikuwa ya kujitegemea, na kifaa kinachofunguliwa kwa spana moja ni cha kujitegemea kuliko kinachotaka mtaalamu wa ng'ambo. Hata hivyo alijua kwamba sisi wawili tusipokubaliana fomu haitaondoka. Akatupatanisha. Tukachagua kisanduku cha pili: ukungu kidogo. Watu watatu wazima tulikubaliana kuhusu mto, na mto haukuulizwa.

Nikaweka alama, nikapiga muhuri, regulata ya matundu wazi ikaagizwa.

Ilifika wakati wa kiangazi, kwenye kasha la karatasi lililojaa nyuzi nyeupe, inang'aa mpaka mlinzi akauliza kama ni ya hospitali. Niliiingiza kwenye daftari la stoo, nikamwita mpiga mbizi.

Nimweleze huyu mtu. Baba yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini karibu na Hale, akajifunzia kuogelea mtoni huku mama zetu sisi wengine wakitukataza hata kusogea ukingoni. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua. Kwetu hilo linatosha: sisi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya yeyote, juu ya sura yako, kabila lako, hata marehemu wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unarudisha. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana wala jamaa. Tangu siku ya kwanza niliyomkabidhi buti, hatukuwahi kusemezana kwa njia nyingine.

Aliichukua regulata, akaigeuzageuza. "Mzigua," akasema, "kwenu mnaoga kwa umande. Nani kakupa wewe kazi ya maji?"

"Gari lisingebuniwa ungekuwa njiani sasa hivi na pembe ya ndovu begani," nikamwambia. "Tia sahihi."

Kiangazi kizima ilifanya kazi bila kasoro. Alishuka mara mbili kukagua nondo, akatoka, akairudisha. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimpita fundi mkuu uwanjani nikamwamkia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mvua za masika zikaja. Mto ukabadilika rangi kwa siku moja, kutoka chai ya rangi hadi ubuyu. Sikuona ajabu. Kwetu mvua ikinyesha ndipo maji yanapokuwa mazuri, kwa sababu ni mengi. Wavu ukajaa, milango ikafungwa, akashuka. Aliporudi dirishani kwangu alikuwa na watu watatu wanne nyuma yake wakingoja misumari.

"Mtani, kidude chako kinakunywa matope kuliko mimi. Kinanipa hewa nusu, uji nusu. Kesho ukitie sukari."

"Mnyamwezi hata pumzi anataka itiwe karanga," nikasema. Watu wakacheka, naye akacheka. Nikaandika kwenye daftari: imerudishwa, nzima.

Wiki iliyofuata alishuka tena. Safari hii alikuja peke yake, maji yanamtiririka, akaiweka regulata juu ya kaunta taratibu.

"Leo imenigomea. Navuta haitoi, naacha ndiyo inatoa. Nimeshakushtukia, mtani. Unataka nife upate kula ubwabwa wa matanga."

Nakumbuka uso wake. Nimeurudia mara nyingi kichwani na bado siwezi kusema kama alikuwa akitabasamu au alikuwa na baridi. Mimi nikamjibu, "Waambie wapike mapema, nisije nikafika umekwisha." Akasimama kidogo. Kisha akaondoka. Nikaifuta regulata kwa kitambaa kwa nje, nikaandika: imerudishwa, nzima.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Walinitaka nilete blanketi kutoka stoo, kwa hiyo nilifika ukingoni wakati yuko chini. Msaidizi wake alikuwa ameshika kamba. Maji yalikuwa mazito, yametulia, na mapovu yake yalikuwa yakitoka kwa mpangilio, kidogo, kimya, kidogo, kimya. Halafu yakatoka yote. Uso wa maji ulichemka kama sufuria ya ugali kabla ya kutia unga, ukachemka bila kupumzika, nikasikia fundi mkuu akisema, "Hewa inamwagika," na wakaanza kuvuta kamba.

Alitoka mdomo wazi, na mdomoni mlikuwa na tope. Puani mlikuwa na tope. Walimlaza kifudifudi kwenye zege, fundi mkuu, mzee yule wa kucha safi, akamwingiza vidole kooni na kumtoa uchafu. Mimi nilikuwa nimesimama na blanketi. Hakuna aliyelihitaji kwa wakati ule na sikujua niliweke wapi. Alipokohoa mara ya kwanza nikakaa chini.

Walimpeleka hospitali Korogwe kwa Landrova. Alikuwa hai, lakini maji yale yalishuka kifuani, na kwa siku kadhaa tuliambiwa tungoje.

Mchana huo fundi mkuu aliniita karakana. Alikuwa ameifungua regulata juu ya gazeti. Spana moja tu, kweli. Ndani, springi haikuonekana. Matundu yote yalikuwa yamejaa udongo laini, umeshikana kama nyumba ya nyigu ukutani. Pistoni ilikwama humo: mara ya kwanza ilikwama imefunga nusu, mwisho ikakwama imefungua, hewa yote ya mtungi ikatoka kwa mkupuo. Na kwenye kipande cha mdomoni, chini ya kile kigozi cha mpira kinachotoa pumzi nje, palikuwa na punje mbili za mchanga. Mbili. Kigozi hakikuziba tena, ndiyo maana tangu mwanzo alikuwa akivuta maji na hewa pamoja. Nusu hewa, nusu uji.

Fundi hakusema neno juu ya kisanduku cha ukungu kidogo. Afadhali angesema.

Jumapili nilikwenda hospitali na machungwa. Njiani nilikuwa naandaa la kumwambia, na kila nililoliandaa lilikuwa utani, kwa sababu sikuwa na kingine kilichozoeleka mdomoni kwa ajili yake. Na wazo moja lilikuwa linanisumbua. Msibani, mtani ndiye anayemwigiza marehemu: alivyotembea, alivyoongea, alivyougua. Angekufa yule, wangenitafuta mimi niliyekuwa karibu. Mbele ya mama yake ningepaswa kuigiza jinsi alivyokuwa akivuta pumzi.

Nilimkuta ameketi kitandani, mwembamba kuliko siku tatu zinavyoweza kumpunguza mtu.

"Karibu, ndugu karani," akasema. "Ahsante kwa kuja."

Nikangoja mengine. Hayakuja. Nikaweka machungwa, nikajikaza: "Basi mtani, ubwabwa umenipita."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichanganya. "Nilikuambia mara mbili," akasema.

"Nilidhani utani."

"Nilijua utadhani utani."

"Sasa kwa nini hukuniambia kawaida?"

Akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa njia ya kijiji asichokijua vizuri. "Ningeanzaje? Mimi na wewe hatujawahi kuambiana kitu kawaida. Ningekunja uso, ungeona nimenuna. Mtani hanuni." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Siku ile ya pili nilisimama pale dirishani nikitafuta namna. Sikuipata."

Nilitaka kumwomba radhi na sikujua naomba radhi ya lipi: ya fomu, ya daftari, au ya kucheka. Nilimmenyea chungwa. Akalila lote kwa heshima.

Kibali cha pili hakikuwepo, kama tulivyoambiwa. Kwa hiyo fundi mkuu aliamua kuigeuza ile ya kwanza iwe ya pili. Alifanya hivyo kwa wiki mbili, na mimi nikashinda karakana kila nilipofunga stoo, sikuulizwa na sikufukuzwa. Aliiosha kwa maji ya mvua, si ya mto. Alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauvuta juu ya matundu, akaukaza kwa waya mwembamba wa shaba. Tatizo lilikuwa mafuta ya kujaza ndani. Grisi yetu ingeula mpira ndani ya mwezi. Akakumbuka kwamba mafuta ya breki ya magari ya zamani yalitengenezwa kwa nyonyo na hayakuwahi kula mpira. Nyonyo ziliota nyuma ya choo cha karakana. Nilizikaanga, nikazitwanga, nikazichemsha mimi mwenyewe, nikaengua mafuta na kuyachuja kwa kanga mara mbili, kisha mara ya tatu. Kazi hiyo niliijua.

Siku ya kuijaribu tulikuwa wengi ukingoni, maana habari zilikuwa zimeenea. Mpiga mbizi alikuwa amerudi kazini wiki hiyo. Fundi alijaza pipa maji ya mto, akayakoroga mpaka yakawa tope jepesi, tuone kwanza humo kabla ya kumshusha mtu. Mtungi ukaegemezwa kwenye pipa.

Mpiga mbizi hakumtazama fundi. Alinigeukia mimi.

"Ndugu karani, inafaa?"

Watu walisogea karibu. Wengine walitabasamu tayari, wakingoja jibu la mtani. Nilifungua mdomo, na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa mzaha, tena mzuri, nikaumeza. Kisha nikatafuta ndiyo, nikaona ndiyo yangu iliyopita, ile nzima ya daftarini, ilikuwa imefika wapi. Niliangalia kile kitu chenye tyubu ya baiskeli na mafuta ya nyuma ya choo. Sikujua.

"Sijui," nikasema. "Nipe nijue."

Nikajifunga kanga kichwani. Akanionyesha jinsi ya kuuma kile kipande, meno wapi, midomo wapi, bila kucheka hata pembeni. Nikashika kingo za pipa nikaingiza kichwa chote.

Nilifumbua macho. Kulikuwa na wekundu kidogo kwa juu, halafu hakuna kitu. Vidole vyangu vilikuwa pale pale mbele ya uso na sikuviona. Mwili mzima ulikataa kuvuta pumzi. Nilikuwa na zege imara chini ya miguu yangu, na watu kumi wa kunitoa, na bado kila kitu ndani yangu kilisema nisivute. Nikavuta. Hewa ikaja, kavu, ina harufu ya mpira. Nikaacha. Nikavuta tena nikingoja maji. Nilihesabu mpaka ishirini, na kila hesabu nilikuwa nasikia lile neno, nusu, nusu, na mimi nikicheka dirishani.

Nilipoinua kichwa tope lilikuwa limenijaa usoni, puani na masikioni, kanga imeniporomokea shingoni. Mwanamke wa Handeni katoka kwenye pipa la matope mbele ya Mnyamwezi. Mtani yeyote duniani angekuwa na la kusema mpaka jioni. Nilisimama pale nikalingoja. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Akaichukua regulata mkononi mwangu, akakifuta kile kipande cha mdomoni kwa pindo la shati. "Ahsante, ndugu," akasema, akaenda kufunga kamba.

Alikaa chini muda mrefu. Mapovu yalikuja kidogo, kimya, kidogo, kimya, mpaka wavu ukaachia na akatoka mwenyewe. Akaja moja kwa moja dirishani. "Inapumua vizuri. Maji hayaingii. Waya umelegea kidogo upande wa chini, fundi aukaze." Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, nikamsomea, akaitikia.

Tulifanya hivyo miaka yote tuliyobaki pamoja pale. Anatoka majini, anakuja, anasema ilivyo, naandika ilivyo. Hakupata ajali tena. Mara nyingine, tukiwa wawili tu, nilimchokoza. Nilimwita mpagazi. Niliwasema babu zake wa Tabora. Alitabasamu kwa adabu, akauliza atie sahihi wapi.